Namna ya Kufunga Nyaya za Mabawa kwenye Modeli ya Ndege ya B.E.2c

Mtu anayetazama modeli ya ndege ya Vita Kuu ya Kwanza hutazama nyaya kabla ya kutazama rangi. Rangi ikikosewa kidogo, wachache watajua. Waya mmoja ukilegea, hata mtoto aliyesimama mlangoni ataunyooshea kidole. Ndiyo maana wengi hununua seti ya ndege yenye bawa la juu na bawa la chini, wakaijenga vizuri hadi kufikia mabawa, kisha wakairudisha kwenye boksi na kulisukuma juu ya kabati. Kazi yenyewe haihitaji mikono ya ajabu. Ugumu wake uko katika mpangilio, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya nyaya hufanywa kabla ya bawa la juu kupandishwa, wakati ambapo hakuna waya hata mmoja unaoonekana.

Nitaeleza kwa kutumia ndege moja, B.E.2c, katika skeli ya 1/72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ndege hii ilisanifiwa na Royal Aircraft Factory kule Farnborough, Uingereza, na ina historia ya huku kwetu: mwaka 1916 kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati huo, kilichokuwa na Waafrika Kusini wengi, kiliirusha kutoka Mbuyuni, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, katika vita dhidi ya jeshi la Wajerumani. Sababu ya pili ya kuichagua ni ya ufundi. Kila upande wake una jozi mbili za nguzo kati ya mabawa, kwa hiyo kuna vyumba viwili vya nyaya kila upande, yaani nafasi mbili zinazotengwa na nguzo, na anayeimaliza hii hatashindwa na Sopwith Camel ya Waingereza, ambayo ina chumba kimoja tu. Anayeogopa kabisa aanze na Fokker D.VII ya Wajerumani, mabawa yake manene yalijitegemea yenyewe ndani, na kati ya bawa la juu na la chini hakuna nyaya za kuyashikilia.

Kila waya una kazi yake

Mabawa ya ndege hizi yalikuwa ya mbao na kitambaa, na bawa moja peke yake lisingeweza kubeba mzigo wake. Nguvu ilipatikana kwa kuunganisha bawa la juu, bawa la chini, nguzo na nyaya hadi vikawa kitu kimoja, kama daraja la reli lilivyoundwa kwa vyuma vinavyopishana. Waya unaweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma, na kwa sababu hiyo kila mwelekeo wa mzigo ulihitaji waya wake.

Nyaya za kuruka huanzia kwenye shina la bawa la chini, karibu na bodi, zikapanda kuelekea nje hadi kwenye vichwa vya nguzo. Hizi ndizo zinazozuia mabawa yasikunjwe kwenda juu ndege ikiwa angani, na kwa kuwa zilibeba uzito wote wa safari, Waingereza mara nyingi waliziweka mbili mbili, ili mmoja ukikatwa na risasi wa pili ushike. Nyaya za kutua hupita kinyume chake: huanzia juu, karibu na katikati, zikashuka kuelekea nje hadi kwenye miguu ya nguzo, na kazi yake ni kubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa chini. Aina ya tatu naziita nyaya za pembe. Hizi ni fupi, hupishana kati ya nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma, na hulinda pembe ya bawa lisijipinde. Ukiitazama ndege kwa mbele utaona nyaya za kuruka na za kutua zikipishana kama herufi X. Ukiitazama kwa ubavu utaona X nyingine, ya nyaya za pembe.

Hesabu yake ni hii. Kila chumba kina waya wa kuruka na waya wa kutua, wa mbele na wa nyuma, yaani nyaya nne. Vyumba vinne vinatupa nyaya 16. Ongeza nyaya mbili za pembe kwa kila jozi ya nguzo, jozi zikiwa nne, na jumla inakuwa 24, kabla hatujahesabu zile za kuruka zinazokwenda mbili mbili, za miguu ya magurudumu na za usukani.

Haya si maelezo ya kujaza ukurasa. Anayejua kazi ya waya hujua pia mahali pa kutoboa. Waya wa kuruka wa chumba cha ndani huishia upande wa ndani wa kichwa cha nguzo ya kwanza. Waya wa kuruka wa chumba cha nje huanzia upande wa nje wa mguu wa nguzo hiyo hiyo. Vijitabu vingi vya maelekezo huonyesha msitari mmoja unaogusa nguzo, bila kusema upande gani, na hapo ndipo mtu hujikuta na nyaya mbili zinazogombania tundu moja. Kabla ya kushika kisu, chora ndege mara mbili kwenye karatasi, kwa mbele na kwa ubavu, ukaipa kila waya namba. Karatasi hiyo ibandike ukutani mbele ya meza, maana utaitazama mara nyingi kuliko unavyodhani.

Uzi gani utumike

Kosa la kawaida ni unene. Tuseme waya halisi ulikuwa na unene wa milimita 6. Ukiugawa kwa 72 unapata milimita 0.08, ambao ni kama unene wa unywele. Kwa skeli ya 1/48 unapata 0.125, na kwa 1/32 karibu 0.19. Sasa chukua mshipi wa kuvulia wa milimita 0.30, ule unaouzwa kila duka la vifaa vya uvuvi, ukauweka kwenye modeli ya 1/72: umefunga ndege yako kwa vyuma vya milimita 21 na ushei, yaani unene wa bomba la nusu inchi linaloleta maji bafuni. Hakuna rangi itakayolificha kosa hilo. Kati ya waya mnene kidogo na waya mwembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, chagua mwembamba bila kusita, kwa sababu jicho husamehe wembamba.

Kwa skeli hii mimi hutumia uzi wa nailoni usioonekana, ambao mafundi cherehani huutumia kushonea pindo na hupatikana katika maduka ya vifaa vya kushonea. Chagua ulio mwembamba kabisa, wa karibu milimita 0.10. Una nguvu, unapita vizuri kwenye tundu, na ukilegea kidogo unaweza kukazwa kwa joto. Ubaya wake ni kwamba unakumbuka mviringo wa kibiringo chake, kwa hiyo ukate vipande virefu na uvitundike siku moja kabla vikiwa na kitu kizito kidogo upande wa chini ili vinyooke.

Chaguo la pili ni uzi wa lastiki uliotengenezwa mahususi kwa ajili ya modeli, kama EZ Line. Huu hauhitaji kuvutwa kwa nguvu, hushikwa na gundi papo hapo, na ukiguswa na kidole kwa bahati mbaya hunesa ukarudi mahali pake badala ya kung'oa nguzo. Kwa anayeanza, huo ndio ningemshauri, ingawa ni wa kuagiza kutoka nje. Tena, aina hiyo ni bapa kidogo, jambo linalofaa sana kwa ndege za Uingereza, kwa kuwa nyingi zilikuwa na nyaya bapa zilizochongwa ili kupasua upepo, ilhali Wajerumani walitumia kebo za mviringo zenye vikazio vya skrubu. Uhakikishe tu kwamba haujisokoti kabla ya kugundisha ncha ya pili, maana msokoto mmoja katika uzi bapa humetameta kama kosa.

Chaguo la tatu halina gharama. Ile fremu ya plastiki inayobeba vipande vya seti usiitupe. Kata kipande cha sentimita 10, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha moto hadi katikati pang'ae na kulegea, kitoe pembeni, hesabu moja, kisha vuta mikono kwa mwendo mmoja. Utapata uzi wa plastiki mwembamba ulionyooka kabisa. Ukivuta haraka unakuwa mwembamba, ukivuta polepole unakuwa mnene; vuta kumi, chagua tatu. Uzi huu ni mzuri kwa nyaya fupi za pembe, lakini hauvutiki tena, hivyo haufai kwa njia nitakayoieleza ya nyaya ndefu.

Kutoboa kabla ya rangi

Matundu yote hutobolewa mabawa yakiwa bado hayajapakwa rangi na hayajaunganishwa. Utahitaji kekee ndogo ya mkono na ncha za milimita 0.3, nunua kadhaa, maana zinakatika, na hukatika siku ya Jumapili maduka yakiwa yamefungwa. Kwanza weka alama kwa ncha ya sindano, ukibonyeza mpaka pawe na kishimo, ili ncha ya kekee isiteleze.

Upande wa chini wa bawa la juu, toboa matundu yasiyopenya, yenye kina cha kama milimita moja hivi. Plastiki ya bawa la skeli hii ni nyembamba, kwa hiyo funga kipande cha tepu kwenye ncha ya kekee ili kikuonyeshe pa kusimamia. Bawa la chini ni kinyume: matundu yapenye mpaka upande wa pili, kwa kuwa nyuzi zitapitishwa humo na kuvutwa kwa chini. Yote yatobolewe kwa kulalia upande ambao waya utaelekea. Waya unaoingia kwenye tundu lililosimama wima huvunjika shingo kidogo pale unapoingilia, na mvunjiko huo, ambao kwa macho ya kawaida ni mdogo kama punje ya mchanga, ndio unaofanya modeli ionekane imefungwa kwa uzi badala ya waya.

Baada ya hapo paka rangi, bandika alama za kikosi na umalize vanishi yote kwenye bodi na mabawa yakiwa mbalimbali. Kisha rudia kila tundu kwa ncha ya kekee, ukiizungusha kwa vidole tu, ili kutoa rangi iliyoziba.

Kuning'iniza na kukaza

Kata kila uzi uwe na urefu wa sentimita 15. Ni upotevu, lakini uzi mrefu hushikika, na uzi mfupi humtia mtu wazimu. Bawa la juu likiwa limelala chali, chovya ncha ya uzi kwenye tone dogo la supa gluu uliloliweka juu ya kipande cha kioo au kifuniko cha plastiki, uiingize kwenye tundu, uishike kwa kibano huku ukihesabu hadi ishirini, kisha uiache. Usivute kupima kama imeshika mpaka zipite dakika kumi. Fanya hivyo kwa nyuzi zote zinazoshuka kutoka bawa la juu, na kila mara ukimaliza mmoja uubandike mkia wake kwa tepu ya karatasi juu ya bawa ukiwa umeandikwa namba yake. Ukipuuza namba, utajikuta na nyuzi kumi na sita au zaidi zinazofanana, na hakuna atakayekusaidia.

Sasa pandisha bawa la juu juu ya nguzo zake. Bawa la juu la B.E.2c limesogea mbele kidogo kuliko la chini, kwa hiyo tengeneza kishikizo cha kadibodi kinacholishika katika nafasi hiyo, na uiache gundi ya nguzo ikauke usiku mzima. Saa nane za kusubiri ni nyingi kwa mtu mwenye haraka, lakini ndizo hizo zinazotenganisha modeli iliyonyooka na iliyopinda.

Siku ya pili anza kupitisha nyuzi kwenye matundu ya bawa la chini. Anzia ndani, karibu na bodi, ukielekea nje, na katika kila chumba tangulia nyaya za nyuma, ili kibano chako kisilazimike kupita katikati ya zile ulizokwisha kuzifunga. Uzi ukishatokeza upande wa chini, bana kibanio cha nguo kwenye mkia wake na ukiache kining'inie. Uzito huo mdogo unatosha kuunyoosha bila kuukaza kupita kiasi. Gusa tundu kwa ncha ya sindano yenye supa gluu kidogo kuliko unavyofikiri inahitajika, kwa upande wa chini, si wa juu.

Hapa kuna sharti moja ambalo nililijifunza kwa hasara. Modeli yangu ya kwanza ya namna hii niliikaza upande wa kushoto wote, waya baada ya waya, kwa mkono, nikijisifu jinsi zilivyokaza kama nyuzi za gitaa, kisha nikahamia kulia. Nilipoiweka mezani na kuinama kuitazama kwa mbele, bawa la juu lilikuwa limeinama kushoto kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Nyuzi za nailoni hazina huruma. Kumi na mbili zikivuta pamoja zinashinda nguzo za plastiki za unene wa milimita moja. Tangu siku hiyo hufunga waya mmoja kushoto na mwenzake wa kulia, kabla ya kugusa mwingine, na kila baada ya jozi mbili naiinua modeli usawa wa macho nikiilinganisha na ukingo wa dirisha.

Zile nyaya za kuruka zilizokwenda mbili mbili, katika 1/72, huhitaji uamuzi. Matundu mawili yaliyoachana kwa nusu milimita hupasuka yakawa moja usipokuwa mwangalifu. Mimi huziweka mbili katika chumba cha ndani, ambako zinaonekana, na sijutii kuweka mmoja mmoja kwingineko. Mwingine ataniona mvivu.

Anayetumia uzi wa lastiki hahitaji matundu yanayopenya wala vibanio vya nguo. Mabawa yakishaunganishwa, pima umbali kati ya matundu mawili kwa bikari, kata uzi ulio mfupi kidogo kuliko umbali huo, kwa mfano milimita 40 kwa nafasi ya 45, gundisha ncha moja, subiri, kisha uvute kwa kibano na kugusisha ncha ya pili kwenye tone lake. Usiupake rangi, rangi hupasuka uzi unaponesa. Nunua ulio na rangi ya kijivu tangu mwanzo.

Gundi katika hewa ya pwani

Waandishi wengi wa maelekezo haya wanaishi katika nchi za baridi kavu, na kuna mambo mawili hawayaoni. La kwanza ni kwamba supa gluu hukaushwa na unyevu, kwa hiyo Tanga au Mombasa wakati wa masika inashika haraka sana na kuacha ukungu mweupe kuzunguka tundu. Tumia gundi kidogo, fungua dirisha ili mvuke utoke, na chupa uihifadhi kwenye friji ikiwa imefungwa ndani ya gudulia. Ukungu ukishatokea juu ya vanishi, pitisha brashi yenye vanishi isiyong'aa mara moja, na mara nyingi hufifia.

La pili ni kwamba nailoni hunyonya unyevu na kurefuka kidogo. Waya uliokuwa umenyooka mwezi Januari unaweza kulegea mvua zikianza. Washa ubani wa kijiti, puliza mwali uzimike ubaki moto mwekundu, kisha upitishe chini ya waya bila kuugusa, ukiusogeza muda wote. Uzi utajikaza mbele ya macho yako. Ukisimama mahali pamoja kwa sekunde moja zaidi utakatika, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye uzi uliofungwa kati ya misumari miwili. Lastiki usiipelekee moto kabisa.

Kumalizia

Mikia inayotokeza chini ya bawa ikatwe kwa wembe mpya, uliolazwa sambamba na bawa. Paziba kwa tone la vanishi nene, piga msasa laini uliokunjwa mdogo kama ukucha, na rudishia rangi kwa brashi. Nyuzi za nailoni nazo zipakwe sasa: kijivu cha chuma kilichopunguzwa makali kwa tone la kahawia, brashi ikiwa karibu kavu, ukipaka kwa kufuata urefu wa uzi. Fedha inayong'aa iepukwe, kwani katika udogo huu humetameta kuliko waya halisi.

Nyaya za pembe fungeni mwisho, kwa ule uzi wa plastiki uliovutwa juu ya mshumaa. Pima kwa bikari, kata, na uubandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukupa muda wa kuusogeza na hukauka bila kuonekana. Kebo za usukani wa mkia na za vijibawa vya ncha hufuata njia hiyo hiyo, ila hizi zisikazwe kama za mabawa. Katika skeli ya 1/72 vikazio vya skrubu havihitajiki. Katika 1/48 kipande cha milimita mbili cha ganda la waya mwembamba wa chaja iliyoharibika, kikavishwa kwenye uzi kabla haujagundishwa, kinatosha.

Modeli iliyokamilika isipulizwe kwa mdomo ili kutoa vumbi, kwa kuwa mate ni maji. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu, ikifuata urefu wa waya, kutoka ndani kwenda nje.